Maili 50 kwenda, maili 50 kurudi: Shangazi anajibu barua za jimnastiki

Mwezi huu nimepata barua tatu zinazofanana, toka nchi tatu tofauti, zote mtoto na jimnastiki na barabara ndefu. Nimeamua kuzijibu pamoja, ila ya kwanza nitakaa nayo zaidi kwa sababu huyu mama kanipa kila kitu, mpaka ratiba ya kazi yake, na nimeisoma mara tatu.

Barua ya kwanza

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi St. Cloud, Minnesota, huu mwaka wa saba sasa. Binti yangu wa katikati ana miaka 8. Tangu ana miaka minne huyu mtoto hatembei, ni kichwangomba toka chumbani mpaka jikoni, msamba anapiga huku anaangalia katuni. Tukampeleka jimu ya hapa hapa mjini, dakika kumi toka nyumbani, ameshafika Level 3 kati ya 10 na mwaka huu kaja na medali nne. Sasa kwenye mashindano ya mwezi wa pili koch mmoja wa jimu kubwa ya upande wa Maple Grove akanifuata akaniambia huyu mtoto ana mwili wa huu mchezo, hapa mlipo anapotezewa muda, mleteni kwangu. Ni maili 50 toka kwetu. Siku nne kwa wiki, saa kumi na moja jioni mpaka saa mbili usiku. Ada itatoka dola 140 kwa mwezi mpaka 340, bado mashindano na zile nguo zao. Mume wangu anaendesha lori, wiki nzima hayupo. Mimi nafanya kazi nyumba ya wazee shifti ya usiku, naingia saa tano, mama yangu mdogo ndo analala na watoto. Mtoto wa kwanza ana 11, wa mwisho ana 4. Mume anasema twende, tulikuja huku kwa ajili gani kama sio watoto wapate vitu ambavyo sisi hatukupata. Dada yangu yupo Dodoma anasema nimechanganyikiwa. Mtoto mwenyewe kila siku anauliza tunaanza lini. Nifanye nini? — Mama wa watatu*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa binti, medali nne sio mchezo.

Nianze na kitu ambacho hujaniuliza. Unaingia kazini saa tano usiku, unatoka asubuhi, unapeleka watoto shule, unalala saa ngapi? Kwa hesabu yangu ukijitahidi sana unalala saa tatu asubuhi mpaka saa nane mchana, na huyo wa miaka minne akiwa nyumbani hata hiyo saa nane hufiki. Alafu saa kumi kasorobo uwe kwenye barabara kuu ya I-94 na mtoto nyuma, maili 50, usubiri masaa matatu, maili 50 kurudi, uoge, uingie shifti. Mara nne kwa wiki. Na Minnesota mwezi wa 12 jua linazama saa kumi na nusu jioni, kwaiyo karibu safari yote ni giza, na kuanzia mwezi wa 11 mpaka wa tatu au wa nne ni barafu na theluji inayopulizwa na upepo toka mashambani mpaka mstari wa barabara huuoni. Mimi hapo sijaongelea jimnastiki hata kidogo, naongelea mama ambaye hajalala anaendesha usiku kwenye barafu na roho ya mtoto iko nyuma. Hata kama binti yako ndo angekuwa kipaji kikubwa kuliko vyote Minnesota nzima, kwa ratiba hiyo jibu langu ni hapana. Usiku unaofanya kazi usiendeshe hiyo safari. Kama hakuna dereva mwingine, hiyo safari haipo.

Sasa tuje kwenye hela, maana umeandika ada imetoka 140 imekwenda 340 na naona kichwani umeweka kwamba tofauti ni dola 200. Sio 200. Maili 100 kwa siku mara siku nne ni maili 400 kwa wiki. Watu wa kodi wa Marekani, IRS, kwa mwaka 2025 walikadiria gari likitembea kwa shughuli za kazi linakula senti 70 kwa kila maili, ukijumlisha mafuta, matairi, oili, bima na gari lenyewe kuchakaa. Piga hesabu: dola 280 kwa wiki. Kwa mwezi inapita 1,200. Hautaziona zote kwa siku moja, ndo ubaya wake, mafuta utaona ila matairi utakuja kuyaona mwezi wa nane na injini utaiona mwakani. Kwaiyo barabara peke yake ni zaidi ya mara tatu ya ada ya koch. Mumeo ni dereva wa lori, haya mahesabu ya maili anayajua kuliko mimi, mkae nayo mezani siku akirudi.

Alafu kuna hesabu ya mtoto. Masaa 12 ya mazoezi, masaa nane ndani ya gari kama njia ni nzuri, tayari 20. Shule inachukua kama 32 kwa wiki. Jumla 52. Mtu mzima akifanya kazi masaa 52 tunampa pole, huyu ana miaka 8. Mazoezi yakiisha saa mbili atafika nyumbani saa tatu, ale, aoge, mpaka analala ni saa nne, na basi la shule linakuja asubuhi saa moja kasoro, ina maana anaamka saa kumi na mbili. Hapo kalala masaa nane. Madaktari wa usingizi wanasema mtoto wa miaka 6 mpaka 12 anatakiwa alale masaa 9 mpaka 12. Na usingizi kwa mtoto wa jimnastiki sio starehe, ndipo misuli inapojijenga, na mtoto mwenye usingizi akipanda kwenye bimu, kile kibao cha upana wa sentimita kumi kilichoinuliwa mita moja na robo juu, ndo anateleza.

Tena madaktari wa michezo ya watoto huko kwenu Marekani wana kipimo chao, masaa ya mchezo kwa wiki yasizidi miaka ya mtoto. Miaka 8, masaa 8. Najua jimu nyingi hazikifuati na makoch watakuambia jimnastiki ni tofauti, na kweli jimnastiki inaanza mapema kuliko michezo mingi, lakini vifundo vya mikono na visigino na kiuno cha mtoto havijui kama huu mchezo ni tofauti. Mifupa yao bado ina sehemu laini za kukulia, zikigongwa kila siku zinaanza kuuma, na maumivu ya kifundo cha mkono kwa watoto wa jimnastiki ni kitu cha kawaida kabisa mpaka kina jina lake hospitali.

Sasa hilo neno la koch, "anapotezewa muda". Hilo neno limenikera nikuambie ukweli. Kwanza kumfuata mzazi wa jimu nyingine kwenye mashindano, wenyewe kwenye huu mchezo wanakunjiana uso kwa hilo. Pili, sio kweli. Mfumo wa USA Gymnastics, shirikisho la mchezo huko Marekani, una Level 1 mpaka 10, na kuanzia ya kwanza mpaka ya tano mpangilio wa miruko umewekwa na shirikisho, nchi nzima wanafanya kitu kile kile, miruko ile ile, mpaka muziki wa sakafuni ni ule ule. Kuanzia Level 6 ndo mtoto anatengenezewa mpangilio wake mwenyewe. Ina maana akiingia Level 4 pale St. Cloud atafanya zoezi lile lile la bimu ambalo mtoto wa Maple Grove anafanya, na jaji atatafuta vitu vile vile, vidole vya miguu vimenyooka, magoti yamebana, mikono imeenda wapi. Kinachotakiwa umri huu ni koch mvumilivu anayesahihisha vitu vidogo, na kama huyo wa dakika kumi kamfikisha Level 3 na medali nne basi anaonekana anaijua kazi yake. Kuna miaka miwili mitatu ya kazi pale pale kabla jimu kubwa haijawa lazima.

Sikuambii haya kukutuliza tu. Angalia waliofika. Simone Biles, bingwa wa Olimpiki wa Marekani, alianza ana miaka 6, walipelekwa na watoto wenzake wa deikea kutembelea jimu, kaanza hapo, na koch Aimee Boorman aliyempata pale pale karibu na kwao, Texas, akiwa bado mdogo sana ndo aliyekwenda nae mpaka Olimpiki ya Rio 2016 kuchukua dhahabu nne. Akaacha shule ya kawaida akasomea nyumbani ili aongeze masaa ya mazoezi, ndio, lakini hapo alikuwa kigori, sio miaka 8. Suni Lee ni wa hapo hapo Minnesota kwenu, St. Paul, wazazi wake Wahmong, kabila la Asia, familia ya wakimbizi, jimu yake ilikuwa Little Canada, mji wa jirani kabisa. Bimu ya kununua ilikuwa bei kubwa, baba yake akachonga ya mbao akaiweka nyuma ya nyumba, na yule mtoto akaja kuchukua dhahabu ya jumla, yaani ya vifaa vyote vikijumlishwa, Olimpiki ya Tokyo. Gabby Douglas ndo wa safari ndefu, aliondoka Virginia Beach mama yake akabaki, akaenda West Des Moines, Iowa, kuishi na familia nyingine ili afundishwe na Liang Chow, na London 2012 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuchukua dhahabu ya jumla. Lakini Gabby alikuwa na miaka 14 alipoondoka, na alikuwa anajua anachokiacha na anachokifuata. Na Olimpiki yenyewe msichana haruhusiwi kushindana mpaka mwaka atakaotimiza 16, na Simone Paris 2024 alikuwa na miaka 27. Huyo mtoto wako ana muda mwanangu, ana muda mwingi tu.

Nikuambie na langu. Nilipokuwa naishi Massachusetts niliendesha miaka mitatu kumpeleka binti yangu, sio maili 50, maili 38, siku tatu kwa wiki. Nilikuwa najivunia, nilikuwa naona mimi ndo mama. Gari letu likawa jiko na meza ya homwek, nilikuwa napika chapati asubuhi naweka na maharage kwenye kontena, uji kwenye chupa ya chai, tunakula tukiwa kwenye foleni. Siku moja mwalimu wa kijana wangu mkubwa akaniita. Wameambiwa darasani waandike wiki yao nyumbani inakuaje, mtoto kaandika Jumanne, Alhamisi na Ijumaa hatuna mama, tunakula sirio. Alikuwa na miaka 11, kama wa kwako. Nilikaa kwenye lile gari kwenye paking ya shule nikalia. Yule kijana sasa ni mtu mzima na hana kinyongo, lakini zile jioni tatu za kila wiki kwa miaka mitatu sina pa kuzipata. Kwaiyo unapohesabu, huyo wa 11 na huyo wa minne wahesabu pia, maana wao hakuna koch aliyewafuata kuwaombea.

Mumeo anaposema tulikuja huku kwa ajili gani, namuelewa sana na wala usimbishie kwa ukali, hayo maneno kila mhamiaji anayo kifuani. Ila mpe picha yote. Kama ndoto ni skolashipu ya chuo, timu za jimnastiki za wanawake kwenye daraja la juu la vyuo ni kama 60 tu nchi nzima, na wanaochukuliwa karibu wote wametoka Level 10. Inawezekana, ila hela hiyo hiyo ya barabara, dola 1,200 kila mwezi kwa miaka kumi, mkiiweka kwenye akaunti ya chuo watoto wote watatu wanasoma.

Ningekuwa mimi ningefanya hivi. Ningemwendea koch wa hapo mjini nikamuuliza bila kuficha, mtoto wa mwisho kufika Level 6 au 7 kutoka jimu hii alikuwa lini, mna shimo la sponji la kujifunzia miruko mikubwa au hamna, mtoto akifika wapi wewe mwenyewe utaniambia sasa mpeleke mbele. Koch mzuri hilo swali halimuudhi. Alafu shule zikifungwa, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane, hakuna theluji, jua linakaa mpaka kati ya saa mbili na saa tatu usiku, hakuna homwek, hapo muombe yule wa Maple Grove mtoto aende siku mbili kwa wiki kwa wiki tano sita, na mumeo apange aendeshe yeye angalau siku moja, aonje hiyo safari na mwili wake. Mkiona mtoto kaanza kulala kwenye sahani, mmejua. Mkiona anachanua, mmejua pia, na mnaweza kuendelea na Jumamosi moja moja mwaka mzima huku jimu ya nyumbani ikibaki ndo ya kila siku. Uliza pia kama kuna familia nyingine ya St. Cloud au Monticello inayokwenda huko, mgawane siku. Ila asipakiwe na koch peke yake wawili tu ndani ya gari bila ruhusa yako ya maandishi, kanuni za usalama za mchezo zenyewe hazitaki hivo. Na jimu yoyote inayokuambia mzazi usikae kuangalia, geuza gari. Baada ya yale mambo ya Larry Nassar, daktari wa timu ya taifa ya jimnastiki aliyehukumiwa 2018 kwa kuwadhulumu wasichana kingono, hakuna mzazi wa kuambiwa subiri nje.

Kuna siku nitakuambia nenda. Akiwa na miaka 11 au 12, yuko Level 6 au 7, koch wa nyumbani mwenyewe anasema nimefika mwisho wangu, kuna mtu wa pili wa kushika usukani, wewe umetoka shifti ya usiku, na yeye anaomba hata baada ya msimu mbaya usio na medali. Hapo niandikie tena nitakushika mkono. Kwa sasa mwambie binti "sio sasa", na usimwambie ni kwa sababu hatuna hela au kwa sababu ya ndugu zake, asije akawawekea kinyongo. Mwambie koch wako hapa bado ana mengi ya kukufundisha. Ni kweli, wala hujamdanganya.

Barua ya pili

*Hujambo Shangazi. Niko Kitengela, Kenya. Kijana wangu ana miaka 10, anaenda klasi ya jimnastiki Westlands kila Jumamosi, huwa tunapanda matatu mbili na anapenda sana. Sasa kocha anataka waongeze Jumatano na Ijumaa jioni. Jam ya Mombasa Road unaijua. Mke wangu anasema tukikataa tutamzimia mtoto ndoto. — Baba wa Kitengela*

Sijambo baba. Lako ni jepesi kidogo. Jumamosi ishikilie kwa mikono miwili, Jumatano na Ijumaa jioni ziache. Kutoka Westlands jioni ya Ijumaa kwa matatu mbili na mtoto wa miaka 10 amechoka, unafika Kitengela saa ngapi, na kesho yake Jumamosi asubuhi mrudi tena? Ile Expressway ya Mlolongo mpaka Westlands, kilomita 27, tangu ifunguliwe 2022 imesaidia wenye magari na wenye hela ya tol, lakini kwa mtu wa matatu kipande cha kutoka huko kwenu mpaka uifikie ndo kinaua.

Na kuna kitu wazazi wa wavulana hawaambiwi. Jimnastiki ya wavulana ina vifaa sita, ya wasichana vinne, na vile vya wavulana kama pete zinazoning'inia na farasi wa vishikio vinataka nguvu za mabega ambazo mtoto hazipati mpaka abalehe. Kijana wa miaka 10 anachohitaji ni mwili mnyumbufu, kusimama kwa mikono kukanyooka kama mwiko, na kupenda. Kusimama kwa mikono anafanyia ukutani kwenu, dakika kumi na tano kila jioni. Kuning'inia na kujivuta anafanyia chuma chochote imara cha uwanjani. Samasoti, hapana, samasoti anafanyia kwa kocha kwenye magodoro, simenti haina huruma na shingo ya mtoto. Muombe kocha amwandikie mazoezi ya katikati ya wiki na akague kila Jumamosi. Akikataa kabisa, akasema siku tatu au uondoke, jua kwamba huyo anajaza klasi.

Mkeo mwambie ndoto haijazimwa, imebaki Jumamosi.

Barua ya tatu

*Shikamoo Shangazi, dada yangu mkubwa ndo ananisaidia kuandika maana Kiswahili changu cha kuandika sio kizuri. Nina miaka 13, tunaishi Barrie, Ontario. Baba ananipeleka jimu ya karibu na Toronto, ni miaka minne sasa, karibu saa nzima kwenda na saa nzima kurudi. Kwa ajili yangu alibadilisha shifti kazini akakubali mshahara mdogo. Shangazi mimi sitaki tena. Toka mwaka jana naogopa bimu, nikipanda moyo unaenda mbio. Rafiki zangu wa shule siwaoni. Lakini nikiangalia baba anavyoendesha kwenye theluji naona nikimwambia nitamuua. Kila tukirudi ananiambia mwanangu, wewe na mimi tutafika. — Binti wa miaka 13*

Marahaba mwanangu. Mshukuru dada yako, na nimefurahi kwamba yupo mtu mmoja ndani ya nyumba anayejua.

Kwanza nijibu hili, na usilipite haraka. Hiyo hofu imeanzaje? Kama kuna mtu hapo jimu anakutukana, anakushika vibaya, anakusema mwili wako au chakula chako, anakulazimisha ukiwa na maumivu, basi hii sio habari ya kuacha au kuendelea, hii unamwambia baba na mama leo, usiku huu, dada yako akiwa pembeni yako. Baba anayeendesha kwenye theluji miaka minne atakusikia.

Kama sio hivyo, kama ni mwili tu umeanza kukataa, ujue hauko peke yako. Simone Biles huyo huyo ninayemtaja hapo juu, Tokyo mwaka 2021, mbele ya dunia nzima, alifika hewani akapotea, hakujua chini ni wapi, akasimama akasema sishindani. Akapumzika karibu miaka miwili. Wewe kama mwili unakuambia ngoja, huo sio uvivu na sio uoga, na kupanda bimu huku moyo unakwenda mbio hivyo ni hatari kweli, koch wako anatakiwa ajue hata kabla hujaamua kitu kingine.

Sasa baba. Usimwambie ndani ya gari mkiwa njiani, wala usiku mmetoka mazoezini wote mmechoka. Chagua Jumapili, baada ya kula, mama awepo. Anza na asante, uitaje ile shifti, utaje ile theluji, ajue kwamba uliona. Alafu sema kwa maneno mafupi: baba, naogopa bimu tangu mwaka jana na nataka kupumzika. Ukishindwa kusema andika umpe asome, kama ulivyoniandikia mimi. Anaweza kunyamaza. Anaweza hata kutoka nje kidogo. Wanaume wa kwetu wengi wakiumia wanakwenda kukagua gari ambalo halina shida yoyote. Muache aende, atarudi.

Sio lazima siku hiyo hiyo useme naacha moja kwa moja. Omba mwezi mmoja wa kupumzika, alafu uangalie nini unakikumbuka. Kama unakumbuka kuruka ila hukumbuki mashindano, hapo Barrie kwenu tafuta klasi ya kufurahia tu, au ujaribu kupiga mbizi ya kurukia majini, watoto wengi wa jimnastiki huhamia huko na mwili wao unajua tayari la kufanya hewani. Kama hukumbuki chochote, umemaliza, na miaka minne haijapotea, mgongo ulionyooka na mkono unaojua kujishika ukianguka utatembea nao mpaka uzeeni.

Na wewe baba, kama barua hii imekufikia na ukamtambua mwanao. Mimi nimeendesha hiyo barabara yangu mwenyewe na najua hayo maneno "wewe na mimi tutafika" unayasema kwa mapenzi matupu. Lakini mtoto ameyasikia kama deni. Anakuona umepunguza mshahara, anahesabu, na miaka 13 ni midogo sana kulipa deni la mtu mzima. Mwambie kwa mdomo wako kwamba hakudai. Mwambie mara mbili, ya kwanza hataamini. Shifti kama inaweza kurudi irudishe, isiporudi basi zile jioni zipo, ni zenu.

Mwanangu, nadhani kitu kimoja unachoogopa na hukukiandika ni kwamba bila jimnastiki hutakuwa tena na yale masaa mawili na baba. Jumanne ya kwanza ambayo hamwendi, saa ile ile ya kutoka, mwambie baba twende mahali. Mwende popote, hata kununua mkate. Kaa kiti chako kile kile.